Istilahi za Jeni na Jina la Mtu: Ualbino katika Shinyanga na Geita

Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kosa la kumwua mvulana wa miaka 14 aliyezaliwa na ualbino. Mauaji yalitendeka katika wilaya ya Bukombe, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga na tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Msiba huo ulikuwa mmoja kati ya mingi. Tangu 2007 habari za watu wenye ualbino kuuawa au kukatwa viungo zilizidi katika nchi ya Wasukuma na majirani zao, na waliokamatwa aghalabu walisema kwamba waliahidiwa fedha, kwa kuwa viungo hivyo huaminiwa kuleta bahati.

Mahali penyewe pana sababu yake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na kandokando ya migodi mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, ambao hawana vyombo vya kupimia ardhi. Mchimbaji wa namna hiyo hawezi kuona kilicho chini ya jembe lake. Jirani yake hutajirika kwa siku moja, naye hubaki na deni. Wataalamu Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, katika makala yao ya mwaka 2010, walieleza jinsi shaka hii iwapelekavyo baadhi ya wachimbaji kwa waganga, na jinsi biashara ya dawa za bahati ilivyoingia katika damu ya watu.

Biashara hiyo ina maneno yake. Neno dili, lililotoka katika Kiingereza na kupita katika lugha ya vijana wa mjini, lina maana ya jambo lenye faida ya haraka. Nalo limetumiwa kumwita mtu mwenye ualbino apitapo njiani. Hapo mtu amekwisha kuhesabiwa kuwa bidhaa kabla hajaguswa. Kwa hiyo suala la jina si la wanakamusi peke yao.

Jina lililozoeleka zaidi ni zeruzeru. Wingi wake ni mazeruzeru, lakini upatanisho wake ni wa viumbe hai: zeruzeru huyu, mazeruzeru hawa. Haifai kudai kwamba kiambishi ma- ndicho chenye dharau, kwa maana maaskofu na madaktari nao wanacho, wala hapana awadharauye kwa sababu hiyo. Wako wasemao kwamba neno hili limetokana na sifuri ya Kiingereza iliyotajwa mara mbili. Dai hilo si la lazima, kwa kuwa Kiswahili kina maneno mengi yaliyorudufishwa ambayo nusu yake haisimami peke yake, kama wasiwasi na pilipili. Lakini asili ya neno ni jambo moja, na lile linalosikiwa na watu ni jambo lingine. Msikiaji aliyekwisha kulihusisha na sifuri husikia ndani yake utupu, na utupu huo huafikiana na itikadi ya kwamba watu hao ni mizuka ambayo haifi bali hutoweka. Itikadi hii humwondolea mwuaji hatia, kwa maana amwambiaye ni mzuka hadhani ameua mtu.

Elimu ya viumbe yatoa jibu lililo wazi, na yafaa lielezwe kwa Kiswahili kisichomtatiza msomaji. Karibu katika kila seli ya mwili yamo maandishi ya urithi, yaani DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Urefu wa maandishi hayo, yakihesabiwa kama yanavyotoka kwa mzazi mmoja, ni herufi zipatazo bilioni 3. Jeni ni kifungu cha maandishi hayo chenye maelezo ya kazi fulani, aghalabu namna ya kuunda protini. Kifungu kikihitajiwa, kwanza hunakiliwa, kisha nakala hutafsiriwa kuwa protini. Tendo la kwanza laweza kuitwa unukuzi, neno ambalo wanafonetiki wamelizoea kwa kazi ya kuandika sauti kwa alama. Hapana haja ya kubuni neno jingine: katika elimu zote mbili kitu kilichopo hufanyiwa nakala kwa utaratibu uliowekwa, na asili yake hubaki ilivyo.

Si kila kifungu kinukuliwacho katika kila seli. Seli ya ini husoma kurasa zake na seli ya jicho husoma zake, ingawa kitabu ni kimoja. Ziko protini ambazo kazi yake ni kushika mahali maalumu katika DNA na kuamrisha kifungu kinukuliwe au kiachwe. Hizo zaweza kuitwa vidhibiti vya unukuzi. Mmojawapo wa jeni zinazounda vidhibiti hivyo huitwa MITF, nao umo katika kromosomu ya 3. Jina lake limetokana na panya wenye macho madogo, na jeni yenyewe ilitambuliwa katika panya mwaka 1993.

MITF una kazi kubwa katika ukuaji wa kiinitete. Seli zitakazotengeneza rangi ya ngozi huanzia karibu na mgongo wa kiinitete, kisha husafiri mpaka ngozini, machoni na katika sikio la ndani. Bila uongozi wa MITF seli hizo haziwezi kukua na kudumu inavyopasa. Ndiyo sababu mtu aliyerithi hitilafu katika jeni hii aweza kuzaliwa na shungi la nywele nyeupe, mabaka yasiyo na rangi, au uziwi. Seli zikiisha kufika, MITF husaidia pia kuamrisha unukuzi wa jeni zinazoleta melanini, yaani rangi yenyewe.

Mojawapo ya jeni zinazopokea amri hiyo ni OCA2, iliyomo katika kromosomu ya 15, na hapa ndipo ulipo ualbino ulio wa kawaida zaidi katika Afrika. Katika ualbino wa namna hii seli za rangi zipo, zimefika mahali pake, na MITF ni mzima. Kilichopungua ni kipande cha herufi zipatazo 2,700 ndani ya OCA2. Uchunguzi wa wagonjwa wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba upungufu huu mmoja ndio unaoonekana mara nyingi miongoni mwao. Herufi 2,700 katika bilioni 3 hazifikii hata moja katika milioni. Mengine yote, ya moyo, ya akili, ya damu na ya mifupa, ni yale yale ya jirani zake.

Tena upungufu huo huo, wenye mwanzo na mwisho ule ule, umepatikana Afrika ya Kusini na Kamerun. Mwanaisimu hatashangaa. Akikuta munhu kwa Wasukuma, umuntu kwa Wazulu, motho kwa Wasotho na mtu kwa Waswahili, hasemi kwamba kila kabila lilibuni neno lake, bali husema kwamba wote wamelirithi. Vivyo hivyo upungufu huu hauelekei kuzuka upya kila mahali. Ni urithi wa kale uliosafiri na watu. Aitwaye mzuka, basi, anacho katika mwili wake ushahidi wa undugu wake na wale wanaomkana.

Urithi huo hutoka kwa wazazi wote wawili. Kila mmoja aweza kuwa na nakala moja yenye upungufu na nyingine nzima, asionyeshe dalili yoyote. Na wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Mama anayeshutumiwa kwamba amezini na Mzungu hana kosa, na baba hushiriki sawasawa naye.

Kwa kipimo hiki majina yaweza kupimwa. Mlemavu wa ngozi halitoshi, kwa kuwa macho pia huathirika na uoni hupungua. Mgonjwa halifai, maana ualbino ni hali ya kuzaliwa, si maradhi ya kuambukizwa, ijapokuwa jua la Shinyanga laweza kuleta saratani kwa ngozi isiyokingwa. Mtu mwenye ualbino ni refu, lakini hutanguliza mtu, kisha huitaja hali kwa kiambishi u-, kama uziwi na upofu. Urefu wake ni gharama ndogo.

Neno peke yake halizuii panga. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na bado mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa katika Mkoa wa Kagera. Lakini mwalimu wa Bukombe au Kahama atakayewaeleza wanafunzi jambo hili ataanza na kamusi iliyo mezani pake. Yapasa akute humo jeni, unukuzi na ualbino vimeelezwa sawasawa, na penye zeruzeru akute onyo kwamba neno hilo huumiza.