Mwana asinyamaze

Maelfu ya watu hushuka daladala Mwananyamala, Dar es Salaam, kila siku bila kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Wenyeji husimulia kwamba zamani hapo palikuwa pori, njia ya miguu ikilikata katikati, na ndani yake mlikuwa na wanyama wakali. Mama aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni, mtoto akianza kulia, alimbembeleza kwa Kizaramo: mwana, nyamala. Mtoto, nyamaza. Kilio kingewajulisha simba kwamba kuna watu njiani.

Simulizi hiyo ilimkaa mwandishi wa makala haya kichwani wiki nzima. Kwingine mitaa imepewa majina ya miti, visima, au mtu aliyejenga wa kwanza. Huu ulipewa maneno ya mama mwenye hofu. Pori lenyewe halipo tena. Pamejaa nyumba zilizobanana, gereji, mama lishe na hospitali ya rufaa ya mkoa. Lakini je, alichokuwa akikiogopa mama yule kimekwisha kweli?

Simba, kwa hakika, hakuenda mbali. Wilayani Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, watu wapatao 35 waliuawa na simba kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004. Simba aliyepigwa risasi mwishoni, ambaye watu walimpa jina la Osama, alikutwa na jipu kubwa chini ya jino lililopasuka. Mwaka 2005 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560, wakaonyesha pia mchango wa nguruwe pori. Nguruwe hufuata mazao, mkulima hulala dunguni ili ayalinde, simba naye anayemfuata nguruwe humkuta binadamu amelala peke yake gizani.

Mwananyamala ya leo ina mfuatano kama huo, ila wa chini chini. Taka huvuta panya. Panya huvuta nyoka.

Anayelijua hilo kwa mikono yake ni mzee mmoja anayejipatia riziki kwa kufyeka nyasi viwanjani na kusafisha mitaro kabla ya masika. Watoto humwita babu, na yeye huwafukuza wasimkaribie anapokuwa kazini. Huvaa mabuti ya mpira hata jua likiwa la utosi. Kabla ya fyekeo kugusa jani, hutangulia na fimbo ndefu, akipiga ardhi taratibu, kisha anasimama na kungoja. Kwa maelezo yake, nyoka husikia mtikisiko wa ardhi na wengi huondoka wenyewe wakipewa nafasi, kwa hiyo mtu mwenye haraka ndiye anayeumwa.

Inafaa kumtazama anapofika kwenye bati chakavu lililolala chini. Hachomeki vidole chini ya ukingo ulio karibu na miguu yake, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Hulinasa kwa ndoano ya chuma upande wa mbali, akalivuta kuelekea kwake, hivi kwamba bati linasimama kama ngao kati yake na chochote kilichokuwa chini. Siku moja kulikuwa na vifuu vya nazi, mfuko wa plastiki na kiota cha panya. Mzee alikitazama kiota kwa muda, akasema hicho ndicho kinachomtia wasiwasi kuliko nyoka mwenyewe.

Wa kuogopwa zaidi kwake ni swila, kwa kuwa hutema sumu machoni. Akitema, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, yasifikichwe, na mtu apelekwe hospitali. Kwa aliyeumwa, wataalamu wa afya husisitiza kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, na safari ya hospitali ianze. Kuchanja kwa wembe, kufunga kamba kwa nguvu, kunyonya kidonda na kubandika jiwe la nyoka vyote hupoteza muda au huongeza madhara. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwayo kila mwaka.

Maswali hayakosi. Dawa ya kupambana na sumu iko zahanati ipi saa nane za usiku? Ni nani mwenye wajibu wa kiwanja kisicho na mwenyewe, ambacho kila jirani hutupa taka akitazama pembeni?

Mzee wa fyekeo ana hofu moja nyingine, na hapo sauti yake ilishuka. Mtoto hufuata mpira kwenye nyasi za mtaro aliokatazwa kuusogelea, akachomwa na kitu mguuni, akadhani ni mwiba, au akajua si mwiba na akaogopa kuchapwa. Hulala bila kusema. Kunyamaza kulikomwokoa mtoto wa porini ndiko kunakoweza kumuua huyu.

Mzazi unayesoma haya, mwambie mwanao leo kabla hajalala: kikikuuma kitu, popote ulipokuwa, njoo useme hapo hapo. Hutachapwa.