Insha ya Kuombea Chuo: Kijana Aandike Nini Kuhusu Nafsi Yake?

SWALI: Mimi ni Mpemba, nina duka Kahama, karibu na Buzwagi. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita na anaomba chuo Marekani. Ametakiwa aandike insha ya kujieleza. Wenzake wanamshauri aseme ni yatima aliyechimba dhahabu mashimoni, ndipo atahurumiwa. Naye hajawahi kushika sururu. Yafaa?

JIBU: Ndugu yangu, haifai. Huo ni uongo, tena ni kumzika baba aliye hai. Na akipata msaada wa masomo kwa njia hiyo, huenda amemnyang'anya yatima wa kweli. Muombaji husaini kwamba maelezo yake ni ya kweli na insha ni kazi yake mwenyewe. Ikibainika vingine, chuo kinaweza kumfutia nafasi. Kwa hiyo pia haifai kumlipa mtu, au kuiachia programu ya kompyuta, imwandikie.

Wapo wanaoogopa kinyume chake, kwamba kujieleza ni kujisifu. Ni kweli Surat An-Najm, aya ya 32, inakataza kujitakasa. Lakini katika Surat Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (a.s.) alimweleza mfalme uaminifu na ujuzi wake alipoomba kusimamia hazina. Wanazuoni wamechukua hapo kwamba inajuzu mtu kutaja sifa yake ya kweli panapokuwa na haja.

Basi achague nini? Insha ya Common App, ombi moja linalopokelewa na vyuo vingi vya Marekani, haizidi maneno 650. Hayo hayatoshi kueleza maisha mazima. Yanatosha jambo moja. Alama zake chuo kitaziona kwengine. Hapa wanataka kujua anavyofikiri.

Nilizungumza na kijana kwa simu, nikamuuliza hufanya nini akitoka skuli. Akaniambia kuwa mgodi wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji 2009, ulipomaliza uzalishaji 2021, wateja wao wengi walihama. Yeye ndiye aliyeshika daftari la madeni. Kila Ijumaa usiku alikaa na baba yake wakiamua nani adaiwe, nani apewe muda na nani asamehewe. Nikamwambia: "Mwanangu, insha yako ndiyo hiyo."

Kila kijana apime jambo lake kwa maswali manne:

1. Ni kweli? Je, waliokuwepo wakiisoma watakubali?

2. Ni lake? Kama jirani anaweza kuweka jina lake kwenye insha hiyohiyo, aendelee kutafuta.

3. Linaonyesha alichoamua na alichojifunza? Shida ya kweli yafaa kutajwa, lakini msomaji aone alivyokabiliana nayo.

4. Linahifadhi sitara za watu? Majina ya wadaiwa yasitajwe, wala siri za nyumba bila ridhaa ya wenyewe.

Nanyi wazazi, msiandike kwa niaba yao. Kaeni nao, waulizeni, wakumbusheni waliyoyasahau. Mara nyingi mtoto huona kazi ya dukani, shambani au chuoni kwa maalim ni jambo dogo, kumbe ndiko alikojifunzia uaminifu.

Wallahu a'lam.