Ushuhuda Usiotaja Tukio

Panda basi la kutoka Kasulu kwenda Kahama, na huenda hujafika Kibondo utakuwa umeshausikia “Mkono wa Bwana” wa Zabron Singers. Dereva anaweza kuwa Mwislamu, kondakta hana dini ya kueleweka, na wimbo utaisha bila abiria yeyote kuomba ubadilishwe. Walioimba ni Wasabato wa huko huko Kahama, basi linakokwenda. Kwaya za Buha, ukanda huu wa Kasulu na Kibondo, zenye sauti nzuri kuliko wao zipo, tena si moja. Kwa nini basi uliovuka ukuta wa kanisa ni huu?

Nyimbo zetu za ibada hazikutungwa kwa kazi moja. Ziko za kitabu, yaani Tenzi za Rohoni kwa wengine na Nyimbo za Kristo kwa Wasabato, ambazo nyingi zilikuja na lahani zake kutoka Ulaya na Marekani. Hizi hufundisha imani ubeti kwa ubeti. Yako mapambio, mafupi, ya kurudiarudia, ambayo mgeni huyashika kabla hajapata pa kukaa. Halafu kuna utunzi wa walimu wa kwaya wenyewe, na hapo ndipo Kasulu na Kibondo zilipo na utajiri: Nuhu na safina yake, Ayubu na majipu yake, Sodoma ikiteketea, sauti nne zikipokezana hadi besi ifunge hesabu. Ni mahubiri yaliyowekwa kwenye muziki. Asiyeijua Biblia hubaki nje, na anayeshuka kituo kinachofuata huondoka Nuhu hajamaliza hata kupigilia mbao.

“Mkono wa Bwana” haufanyi hivyo. Umejengwa juu ya ushuhuda, na ushuhuda nchi hii inaujua vizuri. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea Afrika Mashariki yote, na ulikuwa na desturi ya mtu kusimama mbele ya wenzake akaeleza alikotolewa. Lakini ushuhuda wa Uamsho ulidai mambo yatajwe: nilikuwa mlevi, niliiba, nilimpiga mke wangu, siku fulani nikaokoka. Ulikuwa na jina na aibu yake. Zabron Singers wamebakiza umbo la ushuhuda, yaani nafsi ya kwanza, shukrani na mshangao wa aliyetendewa, wakaliondoa tukio. Kilichotendwa hasa ni nini? Msikilizaji anajaza mwenyewe.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa siri yake. Kwenye sendofu mjini Kibondo, mama wa bibi harusi anaucheza kwa sababu anazozijua yeye. Mkongo aliyeingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 ana tukio lake, na kijana aliyefaulu kidato cha nne ana lake. Tarehe 13 Septemba 2022 Zabron Singers walitumbuiza Kasarani, Nairobi, William Ruto alipoapishwa kuwa rais, siku 8 baada ya Mahakama ya Juu ya Kenya kuthibitisha ushindi wake. Jukwaani pale kila mtu alijua ni mkono gani unaosemwa. Waliompigia kura mpinzani wake walikuwa na tafsiri nyingine, nadhani.

Rose Muhando anaweza kuletwa hapa kunipinga. “Mteule Uwe Macho” ni onyo tangu jina lake, na ulichezwa kila mahali. Ni kweli. Ila nashawishika kwamba ule ulibebwa na miguu: watu walicheza kwanza, onyo wakalisikia baadaye, kama walilisikia. Na nikisema wazi, naukosa ukali ule. Wimbo unaomfaa kila mtu haumkemei yeyote.

Kitu kingine ni jinsi wimbo unavyosafiri. Redio ilifanya kazi kubwa ukanda huu. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, nayo ikasikika hadi Kibondo. Siku hizi njia ni kibanda cha stendi ambako unatoa memori kadi na kurushiwa nyimbo. Mrushaji hapangi kwa madhehebu. Anakuwekea Zabron, Diamond na sebene la Kongo kwenye folda moja, na huko ndiko mlevi wa Jumamosi anakokutana na Wasabato.

Kwenye kadi ile mtunzi hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki iliyoundwa nayo, zinampa haki, lakini ni nani atakayefuatilia kila kibanda kutoka Manyovu hadi Kakonko? Ndiyo maana kundi likishapata jina hutazamia zaidi mialiko: harusi, mikutano ya injili, na mara moja moja kiapo cha rais.