Umeme wa Kuni na Makapi: Kweli au Uongo?

"Kuni hazichafui hewa kama makaa ya mawe, kwa sababu mti mwingine utaota." Uongo, au tuseme ni ukweli ulioachwa njiani. Kwa viwango vinavyotumiwa na jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, kuni hutoa takriban kilo 112 za kaboni dioksidi kwa kila gigajuli ya joto. Makaa ya mawe hutoa kama kilo 95. Mti mpya utaifyonza kaboni hiyo, ndiyo, lakini kwa miongo mingi. Moshi unatoka leo.

"Mtambo wa makaa ya mawe haugeuziki." Uongo. Kituo cha umeme cha Drax, Yorkshire, kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya makaa ya mawe Uingereza. Kuanzia 2013 kiligeuza mitambo minne kati ya sita ichome mbao. Ila mbao zenyewe nyingi si za Uingereza. Miti hukatwa majimbo ya kusini ya Marekani, kama Louisiana na Mississippi, ikasagwa, ikakaushwa, ikashindiliwa kuwa vipande vidogo vigumu, kisha ikavushwa Atlantiki kwa meli. Kwa kanuni za kimataifa, kaboni yake huhesabiwa kule mti ulikokatwa, si kule ulikochomwa. Basi kwenye daftari la umeme la Uingereza, moshi wa Drax ni sifuri! Mhasibu wa duka angefukuzwa kwa hesabu hizo.

"Teknolojia hii kwetu ni ngeni." Uongo mtupu. Viwanda vya sukari vya Afrika Mashariki vimekuwa vikiendeshwa kwa makapi ya miwa kwa miaka mingi. Muwa ukishakamuliwa, makapi hutoka yakiwa bado na maji karibu nusu ya uzito wake, mkanda ukayabeba moja kwa moja hadi tanuri la boila. Mvuke huzungusha mtambo wa kufua umeme, halafu mvuke uleule huenda kuchemsha maji ya miwa. Hapo hakuna mti uliokatwa wala meli iliyokodiwa. Kiwanda cha sukari cha Kakira, Uganda, kina mitambo ya megawati 52, na ziada huuzwa kwenye gridi ya taifa.

"Umeme huu, tofauti na wa jua, upo wakati wote." Kweli, mradi malighafi ipo. Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kilikuwa na mtambo wa megawati 38, na 26 kati ya hizo zilikusudiwa kuuziwa kampuni ya umeme ya Kenya Power. Miwa ilipoadimika na kiwanda kikayumba, umeme nao ukakoma.

Kwa hiyo mwekezaji akija wilayani kwenu na mradi wa tungamotaka, yaani umeme wa kuchoma kuni au makapi, msimuulize kwanza megawati ngapi. Muulizeni atachoma nini, kinatoka umbali gani, na kisipochomwa kingefanyiwa nini. Akijibu kwamba ni makapi yanayorundikana nyuma ya kiwanda, mkaribisheni. Akitaja msitu, mdaini hesabu ya kaboni yote, pamoja na ile ya bomba la moshi.