Mkondo wa Kwanza: Kinasa Sauti cha Mikondo Mingi kwa Anayeanza

Katika harusi za Griftu, mji ulioko magharibi ya Wajir, wanawake wanaposimama kuimba buraanbur, ushairi wa Kisomali wa wanawake, mshairi mmoja hutoa ubeti, ngoma hulia chini yake, makofi ya wenziwe huyafuata mahadhi, na vigelegele hupanda pale panapostahili. Na kijana mwenye simu ya mkononi, aliyeinyoosha juu ya vichwa vya watu kwa nia njema kabisa, hurudi nyumbani na sauti ambayo ndani yake ngoma imeyameza maneno yote. Hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa katika buraanbur maneno ndiyo mwenye nyumba na ngoma ni mgeni wake. Nimeulizwa mara nyingi na vijana wa huko nini dawa yake, na makala haya ni jawabu langu kwao, na kwa kila mtu mwingine ambaye angependa kuanza kazi ya kunasa sauti pasipo kompyuta na pasipo studio.

Chombo ninachokikusudia ni kinasa sauti cha mikondo mingi: sanduku dogo, aghalabu la kuchukulika kwa mkono mmoja, lenye matundu ya kuchomekea maikrofoni, vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, na mahali pa kutia kadi ya kumbukumbu. Sifa yake kubwa ni kwamba huiwekea kila sauti mkondo wake peke yake, mithili ya nyumba yenye vyumba vingi ambamo kila mpangaji ana chumba chake, hata ikawa unaweza kesho kumnyamazisha mpiga ngoma bila ya kumgusa mwimbaji, au kumwongezea mwimbaji sauti bila ya ngoma kupata habari.

Neema hiyo haikuwako tangu hapo. Mwaka 1928, Siti binti Saad alipokwenda Bombay kutoka Unguja kunasiwa nyimbo zake za santuri, sauti yake na ala zilizomfuata ziliingia pamoja katika mchirizi mmoja, na katika kazi ya namna ile kosa la mmoja lilikuwa kosa la wote. Mpiga gita wa Marekani, Les Paul, ambaye alikuwa amejizoeza kutandika sauti moja juu ya nyingine, alipata mwaka 1957 mashine ya Ampex ya mikondo 8, kubwa kama kabati. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ikatoa Portastudio ya mikondo 4 iliyotumia kaseti ya kawaida ya madukani, na kwa chombo hicho Bruce Springsteen alinasa chumbani mwake nyimbo za albamu yake ya 1982, Nebraska. Kisha zikaja za kidijitali, kama Roland VS-880 ya mwaka 1996, na baada yake hivi vidogo vya kadi tunavyoviona leo.

Watu wa mijini huniambia kwamba kompyuta hufanya yote hayo na zaidi. Wasema kweli, lakini hawajapata kukaa Griftu mwezi wa Februari, wakati vumbi jembamba huingia hata katika sanduku lililofungwa, na feni ya kompyuta ikazunguka kwa kelele ile ile ambayo maikrofoni hupenda kuinasa. Vinasa vidogo vingi havina feni. Tascam DP-006 na Zoom R8 huendeshwa kwa betri 4 za kawaida za tochi, zile zipatikanazo katika kila duka, na R8 hupokea pia umeme kwa waya wa USB, ambao waweza kutoka katika pawa benki iliyojazwa kwa sola mchana kutwa. Tena kuna fadhila nyingine ambayo mimi naithamini kuliko ya umeme: kioo cha chombo hiki ni kidogo mno, hakina picha ya mawimbi ya kukushughulisha macho, na mtu asiyekuwa na cha kutazama hulazimika kusikiliza.

Ukienda kununua, usihadaike na tarakimu iliyoandikwa juu ya sanduku. Mimi niliwahi kununua kinasa cha mikondo 8 nikidhani naweza kuweka mbele ya kikundi maikrofoni 8, na muuzaji akanithibitishia dhana hiyo. Siku ya shughuli, waimbaji wameketi na chai imekwisha nywewa, ndipo nilipotambua kwamba chombo kina mikondo 8 lakini hupokea sauti 2 tu kwa wakati mmoja. Mikondo ni hesabu ya vyumba, na matundu ya kuingizia ni hesabu ya milango. Zoom R8 ina vyumba 8 na milango 2, DP-006 ina vyumba 6 na milango 2, ilhali Zoom R16 ina vyumba 16 na milango 8. Kwa anayeanza, milango 2 yatosha kabisa. Tazama pia kama chombo hutoa umeme wa volti 48 katika waya wa maikrofoni, kwani maikrofoni nyingi za kondensa haziamki pasipo umeme huo. Maikrofoni ya dainamiki, ile ngumu ya majukwaani, haiuhitaji, nayo huvumilia joto na vumbi vizuri zaidi.

Sasa tuingie katika amali yenyewe. Kinasa cha kidijitali hakihifadhi sauti kama ilivyo, bali huipima mara 44,100 katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Kasi hiyo haikuchaguliwa ovyo: sikio la binadamu mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na ili mtetemo uandikwe sawasawa yapasa upimwe zaidi ya mara mbili katika kila zamu yake. Kipimo cha biti 16 kina ngazi 65,536 kutoka ukimya hadi kelele ya mwisho, na cha biti 24 kina zaidi ya milioni 16. Walakini ngazi hizo, ziwe nyingi namna gani, zina dari, na dari hiyo huandikwa sifuri.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Kanda ya zamani ya sumaku ilipozidiwa na sauti iliinama kidogo, na wakati mwingine uharibifu wake ulipendeza. Chombo cha kidijitali hakiinami, hukata. Kilele cha sauti kilichogonga sifuri hukatwa kama kwa shoka, na hapana ufundi wa baadaye utakaokirudisha. Kwa sababu hiyo, mwambie mwimbaji aimbe ule ubeti wake mkali kuliko yote, siyo ule wa kusalimia, nawe uzungushe kifundo cha kuingizia sauti mpaka vilele vya juu kabisa vikome kwenye desibeli 12 chini ya sifuri. Itaonekana sauti ni ndogo; iache hivyo hivyo. Nafasi hiyo iliyobaki juu ni akiba ya dakika ile ambapo wasikilizaji watamwitikia kwa shangwe naye akapata ghera, na katika nchi ya washairi dakika hiyo haikosi kuja.

Jambo la pili lahusu ushairi wa Kisomali hasa, wala sijaliona katika kitabu chochote cha maelekezo kinachokuja na vyombo hivi. Shairi la Kisomali, liwe gabay au buraanbur, hushikamana na herufi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kila mstari ukibeba neno linaloanza kwa herufi hiyo. Mshairi akichagua herufi B, basi kila mstari utatupa pumzi ya midomo mbele ya maikrofoni, nayo itasikika kama mtu agongaye mlango kwa ngumi. Akichagua S, kila mstari utatoa mluzi. Kwa hivyo, kabla ya kuweka maikrofoni, muulize mshairi herufi ya shairi lake. Ikiwa ni B, usimwekee maikrofoni mbele ya mdomo, bali pembeni kidogo, umbali wa shibiri moja, ikiuelekea mdomo kwa mshazari, ili pumzi ipite kando na sauti ifike. Na nje, penye upepo, kivishe kichwa cha maikrofoni sifongo. Swali hilo dogo lina manufaa mengine: mzee aliyeulizwa herufi ya shairi lake hutambua kwamba aliye mbele yake amekuja kwa adabu, na hatua ya pili, ya kumwomba ruhusa ya kunasa, huwa nyepesi.

Katika shughuli halisi ya buraanbur, ukiwa na chombo chenye milango 2 tu, maikrofoni moja iwe karibu na mshairi na ya pili karibu na ngoma, na umbali baina ya maikrofoni hizo uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja na chanzo chake. Kwenye uwanja ulio wazi, usio na kuta za kurudisha mwangwi, sauti hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapozidi maradufu, kwa hiyo uwazi wa Griftu, ambao wengi huuona kuwa upungufu, ni msaidizi wako: hatua chache tu zatenga ngoma na maneno.

Lakini ukitaka kujenga wimbo sauti baada ya sauti, nyumbani, utakutana na swali la nini kianze. Mafundi wengi husema ngoma. Mimi sikubaliani nao katika kazi hii, kwa kuwa vipimo vya shairi la Kisomali hutokana na urefu na ufupi wa irabu zake, na ngoma ikitangulia humfunga mshairi kamba asiyoizoea. Njia niliyoiona kuwa ya insafu ni hii: nasa kwanza sauti ya kuongoza, hata ikiwa na makosa, katika mkondo wa 1, mpiga ngoma aisikilize kwa hedifoni na kupiga yake katika mkondo wa 2, kisha mshairi arudi, asikie ngoma iliyomfuata yeye mwenyewe, aimbe upya katika mkondo wa 3, na hapo ile ya kwanza inyamazishwe. Hedifoni ni lazima, tena zile zinazofunika masikio, kwani ukimpa mwimbaji spika badala yake, sauti ya ngoma itavuja ndani ya maikrofoni yake na vyumba vitakuwa vimebomolewa kuta. Kwa miezi mitatu ya mwanzo usivuke mikondo mitatu, wala usiguse mwangwi wa bandia uliomo katika chombo. Anayejifunza na mikondo 8 kwa pamoja hujifunza kuficha kosa moja kwa jingine.

Kabla ya kurudia sehemu yoyote, tengeneza nakala ya wimbo ndani ya chombo, kwani kunasa juu ya kilichokwisha nasiwa huweza kufuta cha zamani. Na usichomoe betri wala kadi kabla chombo hakijamaliza kuandika. Kisha hamisha nakala mahali pa pili siku ile ile. Mwaka 1988, vita vilipoukaribia mji wa Kisomali wa Hargeisa, kanda za redio ya mji huo zilifichwa, nyingine zikazikwa ardhini, na baadhi ya nyimbo zilizookolewa hivyo zilisikika tena duniani mwaka 2017 katika albamu iitwayo Sweet as Broken Dates.

Na mwanzoni mwa kila mkondo wa kwanza, kabla ya ubeti, mtaje mtunzi. Kwa Wasomali msomaji wa gabay la mwingine hupaswa kutaja jina la mwenyewe, na lugha yao haikupewa maandishi rasmi ila mwaka 1972, kwa hiyo mengi ya zamani hayana karatasi ya kuyathibitisha. Nafasi ya kuyahifadhi ipo: kadi ya gigabaiti 32, kwa biti 24, huchukua saa 67 za sauti moja. Anza na nyanya yako, wiki hii, kabla hujanunua maikrofoni ya pili.