Komoro, visiwa ambako nyumba ni ya mama

Leo tunaacha ziwa letu kidogo na kwenda kwenye Bahari ya Hindi. Kati ya Musumbiji na Madagaska kuna nchi ndogo ya Komoro: Ngazidja, Ndzuwani na Mwali, visiwa vitatu vilivyojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Cha nne, Maore, kilibaki kwa Ufaransa. Vyote vitatu havifiki kilometa mraba 2.000, ziwa Tanganyika lingevimeza zaidi ya mara kumi na tano. Lugha yao, Shikomori, ni ndugu ya Kiswahili, na shuleni wanafundishwa Kifaransa kama watoto wetu.

Ngazidja, kwenye mji mkuu Moroni, ina mlima wa moto Karthala, mita 2.361. Mawe yake yanakunywa mvua yote, mto hakuna, basi watu wanakinga maji kwenye matangi. Sisi tunaogopa ziwa lisiingie nyumbani, wao wanahesabu ndoo.

Wanauza nje vanila, karafuu na ilangi-ilangi, ua la manukato ambalo wamama wanalichuma asubuhi na mapema. Bei inapangwa mbali. Kinachoshikilia jamaa nyingi ni pesa za ndugu walio Ufaransa, hasa Marseille. Tangu 1995 kuingia Maore kunataka viza, na wengi wamekufa maji wakivuka kilometa 70 hivi kutoka Ndzuwani kwa mitumbwi ya injini iitwayo kwasa-kwasa, jina lile lile la dansi yetu ya Kongo.

La nyumba tumeliacha nyuma maana linatugusa. Kule Ngazidja binti akiolewa haendi kwa mume. Mume ndiye anayehamia, kwenye nyumba ambayo jamaa ya binti imemjengea. Na ardhi ya manyahuli inatoka kwa mama inaenda kwa binti, ijapokuwa urithi wa Kiislamu nao upo. Mume akifa, au wakiachana, mama na watoto wanabaki pale pale.

Hapa kwetu tunajua wajane waliokuta kufuli mlangoni kabla matanga hayajaisha. Lakini Code ya familia ya 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Sisi walimu tunaona matokeo kelasini: benchi tupu wiki mbili, tatu, kisha tunasikia mtoto amepelekwa kwa nyanya yake kijijini. Mama mwenye karatasi ya ndoa ya eta sivili aiweke mahali ambapo mashemeji hawafiki. Asiye nayo aende na bwana wake kuandikisha ndoa, wote wawili wakiwa wazima.