Picha na Nukta Yake: Lualaba Machoni pa Ramani (Sehemu ya Tatu)

Mwezi Julai 2025 serikali ya Kinshasa ilitia sahihi makubaliano na KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa msaada wa akili mnemba. Kati ya mambo yaliyomo, moja linamhusu moja kwa moja msomaji wa mfululizo huu: mpango wa kuziingiza kwenye kompyuta nyaraka za kijiolojia za wakati wa ukoloni, ambazo nyingi zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Kumbe madaftari ya watu waliopita Katanga na hema na wapagazi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, bado yana thamani ya kuwavuta matajiri wa California. Aliyedhani kwamba mazungumzo yetu ya picha za safari na ramani za intaneti ni mchezo wa watu wenye simu nzuri na Jumapili isiyo na kazi, aisome tena habari hiyo. Ramani ni mali, na picha iliyofungwa kwenye ramani ni mali pia. Nani anaishika, nani ameiandikia maelezo na nani hakuulizwa: maswali haya hayakuanza na simu, na kwa hiyo inatubidi kurudi nyuma kabla ya kusonga mbele.

Katika Katanga, picha na nukta, yaani mahali palipopimwa kwa latitudo na longitudo, zilikutana mwaka 1898, Charles Lemaire, ofisa wa jeshi la Ubelgiji, alipopewa uongozi wa msafara wa kisayansi uliodumu hadi 1900. Lemaire alikuwa na ugonjwa wa usahihi. Kazi yake kuu ilikuwa kupima latitudo na longitudo za vituo alivyopita, toka upande wa Ziwa Tanganyika mpaka kwenye mgongo wa ardhi unaotenganisha maji ya Kongo na maji ya Zambezi, maana ramani zilizokuwepo zilichorwa kwa kukadiria siku za mwendo. Pamoja naye walikuwemo François Michel, aliyeshika kamera, na Léon Dardenne, mchoraji wa rangi za maji. Kamera ya siku hizo ilikuwa sanduku zito, kila picha ikihitaji kioo chake, na kila kioo kikisafiri juu ya kichwa cha mpagazi. Kioo hicho hakikujua rangi: udongo mwekundu na jiwe la kijani la malakiti vilitoka kijivu vilevile, ndiyo sababu Dardenne alihitajika. Umbo lilikuwa kazi ya Michel, rangi ya Dardenne, mahali pa Lemaire mwenyewe, na vyote vitatu vilirudi Ulaya pamoja.

Latitudo haikumsumbua sana msafiri wa wakati ule. Alipima kimo cha nyota au cha jua la adhuhuri, akafanya hesabu yake. Longitudo ndiyo iliyowatesa wote. Hiyo hupatikana kwa kulinganisha saa mbili, saa ya mahali ulipo, inayosomwa angani, na saa ya mahali panapojulikana, inayotunzwa na kronomita ndani ya kisanduku. Kila tofauti ya dakika 4 ni digrii moja. Kronomita ikikosea sekunde 4 tu, kilima kizima kinahama karibu kilomita 2 kwenye karatasi, na kronomita hizo zilibebwa miezi mingi na watu waliokuwa wakivuka mito na vinamasi. Simu ya leo, kama tulivyoeleza katika sehemu ya kwanza, hufanya kazi ya ukoo uleule: inalinganisha saa. Tofauti ni kwamba saa zake zimo ndani ya setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 hivi, na jibu linapatikana kabla mpigaji hajashusha mkono. Anayesimama leo kwenye ukingo wa Ziwa Nzilo, karibu na mji wetu wa Kolwezi, anaipata kwa kidole nukta ambayo Lemaire angekesha kuitafuta.

Lakini tazama kilichokosekana katika kazi ile iliyofanywa kwa bidii namna hiyo. Nukta ziliandikwa kwa uangalifu wa hali ya juu, ila watu wengi waliosimamishwa mbele ya kamera ya Michel, uso kisha ubavu ili wataalamu wa Ulaya wawapange kwa makabila, wametufikia bila majina. Kilima kilipewa anwani. Mtu akawa mfano wa aina yake. Mwaka 2011 Sammy Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza, walikaribishwa Tervuren kuzichambua hazina za msafara huo. Baloji akawatoa watu katika picha za Michel na kuwaweka ndani ya mandhari ya Dardenne, na ghafla ikaonekana kwamba mandhari yale mazuri yalikuwa yamechorwa kana kwamba hakuna anayeishi humo. Sijui kazi nyingine inayoeleza jambo hili kwa ufupi zaidi. Baloji huyo huyo, katika mfululizo wake wa picha uitwao Kolwezi, aliweka mahema ya wachimbaji pembeni ya mabango ya Kichina yenye maporomoko ya maji na majumba ya kifahari, yale yanayouzwa sokoni kwa bei ndogo. Kwa njia hiyo alituonyesha hata mchimbaji anatamani kutazama nini akishatoka shimoni.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mkoa wetu wa Lualaba, sehemu ya Katanga ya zamani, haujawahi kupungukiwa nukta. Tangu Lemaire, kisha Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji iliyoundwa 1906, kisha Gécamines ya serikali, mpaka makampuni ya leo, ardhi hii imepimwa na kupigwa picha kuliko nchi nyingi za jirani. Kilichopungua ni maelezo yanayoandikwa na wenyeji: hapa panaitwaje, palikuwa na nini mwaka jana, nani alipafyeka. Pengo hilo halizibwi na wizara wala na kampuni. Linaweza kuzibwa na mtu anayependa kusafiri na kupiga picha kwa kujifurahisha, mradi aichukulie starehe yake kama ushahidi. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wanapakia picha 40 za harusi moja kwenye ramani, halafu shule ya mtaa wao haina hata moja.

Mpinzani wa kwanza atasema kazi hiyo imekwisha kufanywa na setilaiti. Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa 2015, hupita juu ya Kolwezi kila baada ya siku chache, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote. Ni kweli, na msaada wake si mdogo. Taarifa ya Amnesty International ya Septemba 2023 kuhusu watu walioondolewa kwenye makazi yao, iliyotayarishwa pamoja na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi, ilitumia picha za setilaiti kuonyesha namna shimo la mgodi lilivyoula mtaa wa Cité Gécamines. Ila waandishi wake iliwabidi kubisha hodi na kuwauliza wakazi. Na katika picha za bure za Sentinel-2 kila doa ni mraba wa mita 10, na nyumba nzima ya tofali inaweza kutoshea humo bila kuonekana kuwa nyumba. Paa haliandikwi jina la fundi aliyelijenga. Chukua Kasulo. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu, mashimo yakachimbwa sebuleni na jikoni. Mwaka 2017 mamia ya kaya zikahamishwa na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Anayetaka kujua leo duka lilikuwa kona ipi, mti wa kikao ulikuwa wapi, barabara ipi ilikwenda kanisani, hatapata jibu angani. Angelipata katika picha za kawaida za wapita njia, zilizo na tarehe na nukta, kama wangekumbuka kuzipiga.

Mpinzani wa pili ana nguvu zaidi: picha zikishawekwa kwenye ramani ya kampuni, ni za kampuni. Historia inampa haki. Panoramio, iliyoanzishwa 2005 na vijana wawili wa Hispania, Joaquín Cuenca na Eduardo Manchón, ilikuwa ndiyo nyumba ya wapenzi wa picha za safari duniani. Kila picha ilikaa juu ya nukta yake na kuonekana ndani ya Google Earth. Google iliinunua 2007 na kuifunga Novemba 2016. Zilizookolewa zilihamishiwa ghala jingine la kampuni hiyohiyo, na ghala hilo nalo likafungwa Julai 2023. Watu waliotumia miaka kupanga picha zao kijiji kwa kijiji waliona mpangilio wenyewe, yaani kazi halisi, ukiyeyuka. Jibu langu si kuacha kupakia. Ni kuweka nakala nyumbani, na nakala ya pili pale ambapo leseni inamruhusu yeyote kuichukua na kuihifadhi, kama Wikimedia Commons. Mashindano ya Wiki Loves Africa, yaliyoanza 2014, yamefungua mlango huo kwa bara zima. Heri picha inayoweza kunakiliwa na mgeni kuliko ile ambayo hata mwenyewe hawezi kuipata tena.

Wapo pia wanaosema mpiga picha mwenyeji atafanya yaleyale ya wageni. Jambo hili halina dhamana, nakubali. Lakini mfano wa kutia moyo ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Herzekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa Lagos, aliishi Boma, makao makuu ya koloni wakati ule, akipiga picha ambazo zilichapishwa Ubelgiji katika Le Congo Illustré, gazeti la kuusifu utawala. Baadaye alimpelekea Edmund Morel, mwanaharakati wa Uingereza, habari za ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipogunduliwa, watumishi wa serikali waliamriwa kutonunua dukani kwake. Alifilisika na kujiua mwaka 1905. Kamera yake ilikuwa ya aina ileile ya watawala. Hakuwaona watu kwa macho yaleyale, na gharama yake aliilipa peke yake, jambo ambalo wanaotaka kila kijana wa Dilala na Manika awe shujaa wa picha wanalisahau upesi.

Kwa hiyo usahihi nao uwe na mpaka, na mpaka huo ni kinyume cha alioutumia Lemaire. Barabara, daraja, soko la madini la Musompo, shule, kisima na maporomoko vipewe nukta kamili, tarehe na jina linalotumiwa na wakazi. Mtu asipewe nukta bila ridhaa yake. Mchimbaji anayeingia kwenye eneo la kampuni usiku anavunja sheria. Ukiupakia uso wake pamoja na nukta na saa, umemwandalia hati ya mashtaka huku ukijiona mwanahabari. Na mgeni anayempiga picha mtoto aoshaye mawe, akaipakia kwa maneno mawili ya huruma bila hata kuuliza jina la mto, hana tofauti kubwa na Michel. Pengine ana udhuru mdogo zaidi, maana yeye habebeshwi vioo.

Vilevile kwa mimea. Vilima vya shaba vya ukanda wetu, vinavyotambulika toka mbali kwa kutoota miti, vina maua ambayo hayaonekani kwingine duniani. Crotalaria cobalticola imepata hata jina lake kwa kobalti, na Haumaniastrum katangense ilijulikana kwa watafuta shaba kama ishara ya madini. François Malaisse na wenzake wa Lubumbashi walitumia miaka mingi kuyaorodhesha, huku vilima vyenyewe vikigeuzwa mashimo. Mtembezi anayeyapiga picha kati ya Fungurume na Kolwezi anafanya kazi ambayo hakuna mtaalamu atakayepata muda wa kuimaliza peke yake. Lakini ua linaloota juu ya shaba, likionyeshwa nukta kamili, huonyesha na shaba. Programu ya iNaturalist ina njia nzuri: nukta za spishi zilizo hatarini huonyeshwa kwa umma ndani ya eneo lenye upana wa kilomita 20 hivi, na nukta halisi hubaki kwa mwenye picha na wale aliowaamini. Ningependa ramani nyingine ziige utaratibu huo, hata kwa nyuso.

Imebaki nafasi ndogo kwa jambo ambalo wasomaji wengi wanalingojea, nalo ni sheria. Msimbo wa kidijitali uliotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023 unalinda taarifa binafsi, na picha ya mtu pamoja na mahali alipo haiko nje ya ulinzi huo. Kwa upande mwingine, kupiga picha viwanja vya ndege, askari na majengo ya serikali bila ruhusa kunaweza kukupeleka mbele ya polisi, na walinzi wa migodi wana tabia ya kuupanua mwiko huo mpaka barabara ya umma inayopita kando ya uzio. Busara ni kuomba ruhusa kwa maandishi kabla ya safari na kutembea na nakala yake. Mipaka ya mamlaka ya walinzi hao ndiyo tutakayoanza nayo katika sehemu ya nne.